Swali lako la saa tisa usiku

Mwanangu,

Meseji yako niliikuta alfajiri, nikaisoma mara tatu, nikasema hii siwezi kuijibu kwa vile vi-emoji vyangu vya mikono, ngoja nikae niandike. Umeniuliza, "Baba, naomba kila siku, lakini nikikumbuka mkataba unaisha na sijui mbele kuna nini, moyo unaenda mbio, usingizi unakata. Hivi kweli mimi nina imani?"

Naanza na hapo mwisho maana ndo panapokuumiza. Unayo. Asiye na imani akiamka saa tisa usiku anaongea na dari, wewe unaongea na Mungu. Halafu sijui nani kawafundisha vijana kwamba aliyeokoka hatetemeki. Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliwaambia kina Petro roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akaenda akaomba, akarudi, akaenda tena, na Mathayo anasema mara ya tatu aliomba maneno yale yale. Yale yale! Sasa wewe kurudia ombi moja wiki mbili unajiona umefeli, mbona uko kwenye kampani nzuri tu.

Ngoja nikwambie kitu ambacho hatukuwahi kukwambia. Ule mwaka nilioachishwa kazi ulikuwa na miaka saba. Usiku mkishalala nilikuwa nachukua daftari lako la hesabu, nalifungua kwa nyuma, naanza kuandika. Kodi ikishindikana itakuwaje, ada ikishindikana itakuwaje, nikiumwa je, nikifa je. Naandika, nakata, naandika tena, mpaka siku moja ncha ya kalamu ikachana karatasi. Mama yako akatoka chumbani, nikajua leo napewa mistari ya Biblia. Wala. Alinitoa kalamu mkononi, akaniambia, "Hii kazi ya kesho umeianza leo, na nguvu zake hujapewa bado, ndo maana unachoka hivyo." Akazima taa. Mimi nimebaki gizani kama mjinga.

Na sitaki nikudanganye kama watoa ushuhuda wengine, kwamba eti niliyoyaogopa hayakutokea. Mengi yalitokea. Nyumba tulihama, shule ulihama, si unakumbuka ulivyolia. Ila kwenye lile daftari nilikuwa nimeorodhesha shida peke yake. Yule mzee wa kikundi cha maombi aliyekuja kuniunganisha na kibarua sikuwa nimemwandika, maana wakati ule hata jina lake nilikuwa silijui. Sasa ningemwandikaje?

Ndo maana nikisoma Kutoka 16 najiona mle ndani. Wana wa Israeli jangwani wanapewa mana, kila mtu aokote ya siku hiyo tu, wengine wakasaza mpaka asubuhi, ikaota mabuu ikanuka. Naamini woga ndo uliowafanya wafiche. Lakini angalia, siku ya sita waliambiwa waokote mara mbili, wakaweka ya Sabato, na ile haikuoza. Kwa hiyo kuweka akiba siyo dhambi bwana, Yusufu aliweka nafaka miaka 7 kule Misri na watu wakapona kwa ajili hiyo. Tuma maombi ya kazi, punguza matumizi, ongea na bosi wako mapema kuhusu mkataba, hiyo ni akili na akili katoa Mungu. Tofauti ninavyoiona mimi ni kwamba ukipanga kuna mahali unafika unaweka kalamu chini. Wasiwasi hauna hapo mahali, unazunguka tu hesabu ile ile mpaka jogoo.

Hata Yesu hakusema kesho haina shida. Kasema "kesho itajisumbukia yenyewe, yatosha kwa siku maovu yake", yaani kesho ina maovu yake na leo ina yake, ila usiyabebe yote kwa mpigo.

Halafu nimeona umeweka Yeremia 29:11 kwenye status, yale mawazo ya amani. Mstari mtamu, ila mwanangu rudi usome sura nzima. Ile ni barua, Yeremia anawaandikia watu waliokwisha kupelekwa utumwani Babeli, na sura ya nyuma yake kuna nabii anaitwa Hanania alikuwa anawaambia watu miaka 2 tu mambo yanaisha. Yeremia yeye anasema 70! Hebu fikiria una miaka arobaini halafu unasomewa hiyo barua. Na anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee amani ule mji waliopelekwa kwa nguvu. Lile tumaini lilikuja pamoja na kazi ya kufanya siku hiyo hiyo. Mimi nakuombea mkataba mpya, tena naomba kwa sauti, lakini ukichelewa usije ukasema Mungu kakuacha, kina Hanania siku hizi ni wengi sana na wana maspika makubwa.

Kuhusu kuomba, jaribu hivi. Badala ya "Bwana nisaidie na maisha yangu", mtajie jambo lenyewe kwa jina. Paulo anawaambia Wafilipi haja zao zijulikane na Mungu, kwa kusali na kuomba pamoja na kushukuru, na alikuwa kifungoni alipoandika. Hiyo ya kushukuru mimi niliidharau miaka mingi, nikaona ni adabu tu, kumbe ndo inayokukumbusha jana ulivukaje.

Na la mwisho, usinikatalie. Kama huku kukosa usingizi kunaendelea, kamuone daktari. Siyo kukosa imani. Eliya alipochoka mpaka akaomba afe, Mungu hakuanza na mahubiri, alimwacha alale, malaika akamwamsha ale, akalala tena, akaamshwa akala tena. Mazungumzo yalikuja baadaye.

Mama yako anasema nimeandika refu kama mchungaji, anakusalimu. Saa tisa usiku ukiamka nipigie, siku hizi na mimi usingizi wa wazee unaniisha mapema, tutaomba wote hata dakika mbili. Lile daftari bado ninalo. Ukija nitakuonyesha ule ukurasa uliochanika, na upande wa mbele kuna hesabu zako za kujumlisha, umekosa karibu zote.

Baba yako