Baba wa mtoto amekataa chanjo ya HPV kwa sababu ya sauti ya WhatsApp

Pole dada. Nimekuelewa: shuleni wanachanja wiki ijayo, na mumeo amesikia sauti ya mtu anayejiita daktari akisema chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, inafunga kizazi.

Usimrushie malinki. Mimi nilimfanyia hivyo kaka yangu, akaacha kupokea simu zangu mwezi mzima. Kilichomgeuza ni kwenda naye kliniki ya mtaani kwetu. Nesi alitoa kichupa kwenye friji, akamwonyesha kimraba kilicho ndani ya duara kwenye lebo: kikikolea rangi hadi kufanana na duara, chanjo imepigwa na joto, haitumiki. Kaka alikigeuzageuza mkononi, ndipo akauliza lile la uzazi. Akajibiwa taratibu, bila kuchekwa, kwamba hakuna ushahidi wowote wa hilo.

Nenda naye kabla ya siku yenyewe. Aulize yote, hata kwa nini wanachanjwa wasichana wadogo hivyo (kinga inafaa kuingia kabla ya virusi, na HPV ndiyo inayosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi). Tanzania inachanja nchi nzima tangu 2018.

Mkono kuuma au homa ndogo ni kawaida. Ila kama binti aliwahi kupata mzio mkali wa chanjo au dawa, aonwe na daktari kwanza.

Na tafadhali, usimchanjishe kwa siri. Baba akigundua, hata chanjo za mdogo wake utazigombania.