Plagi nyeusi haziponywi kwa plagi za moto zaidi

Usifunge hizo plagi za namba 5, na kama umeshazilipia, zirudishe dukani leo hii. Umeeleza kwamba umeweka turbo kubwa kwenye Subaru yako ya injini ya EJ20, kwamba plagi za chapa ya NGK za namba 7 zinatoka nyeusi, na kwamba muuzaji amekushauri ushuke hadi namba 5, ambazo ni za moto zaidi, ili zijisafishe. Mimi nilipewa ushauri huohuo, karibu neno kwa neno, ukanigharimu pistoni ya silinda ya tatu na akiba ya mwaka mzima.

Injini yangu ilikuwa EJ20 vilevile, nayo ilikuwa imeongezwa shinikizo la turbo na kuwekewa injekta kubwa hapa Nairobi. Plagi zilitoka na masizi makavu, kama kitako cha sufuria ya kuni. Muuzaji wa spea, ambaye hakuuliza hata gari linatembea wapi, alizitazama kwa sekunde tano, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akasema kwamba ni za baridi mno. Fundi wangu akaafiki, nami nikaafiki kwa kuwa walikuwa wawili na mimi nina shahada, ingawa ni ya uhasibu. Wiki moja baada ya kufunga namba 5, plagi zilikuwa na rangi ya hudhurungi ya kupendeza, nikawatumia marafiki picha kama mtu aliyejaliwa mtoto.

Jambo ambalo hatukulijua sote watatu ni kwamba masizi makavu yalikuwa habari ya petroli: injekta zilikuwa zikimwaga kupita kiasi injini ikinguruma kwenye foleni. Namba ya plagi haipandishi wala kushusha joto la mwako. Huamua tu ncha ya plagi itapitisha joto lake kwenye kichwa cha injini kwa haraka kiasi gani. Ncha hiyo inahitaji kufika takriban nyuzi 500 za selsiasi ili iunguze masizi yake, lakini ikikaribia 900 hugeuka kaa la moto linalowasha petroli kabla cheche haijaruka. Kwa hiyo plagi za moto ziliufuta ushahidi wa foleni, huku zikiniachia kaa hilo tayari kwa siku ambayo ningekanyaga mafuta kwa muda mrefu.

Siku hiyo ilikuwa safari ya Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyoteremka ndivyo hewa inavyokuwa nzito na injini inavyomeza zaidi kwa kipimo kilekile cha turbo. Nilipokaribia Mackinnon Road, nikiwa nimepita malori kadhaa kwa mfululizo, nguvu zilikatika na moshi wa buluu ukafunika barabara nyuma yangu. Ukingo wa pistoni ulikuwa umeyeyuka. Plagi yake ninayo hadi leo kwenye droo ya jikoni: ulimi wake wa chuma umebaki nusu, na kauri imerukiwa na chembe za aluminiamu zinazong'aa kama chumvi. Mke wangu huitoa kila ninapotaja kununua kitu cha gari. Nilipomrudia muuzaji, alinieleza kwa utulivu kwamba petroli ya Mombasa ni mbaya. Mombasa yenyewe sikufika, sembuse kununua petroli yake.

Sharti langu ni moja: panga petroli kwanza kwa kipima mchanganyiko wa hewa na petroli, ndipo plagi iulizwe swali lolote. Ukishamaliza, funga namba 7 mpya, lipeleke gari mahali salama penye mashine ya kupima nguvu, liendeshe kwa mzigo kamili, kisha uzime injini papo hapo, kwa sababu ukirudi nyumbani nayo inanguruma utakuwa unasoma foleni tena. Chukua lenzi na utazame ulimi wa chuma unaopinda. Mahali rangi yake inapobadilika pakiwa pale ulimi unapopinda, namba ni sahihi. Pakisogea kuelekea nyuzi za skrubu, plagi ni ya moto mno. Pakibaki karibu na ncha, ni ya baridi. Kuhusu petroli, tazama pete ya masizi iliyo chini kabisa ya kauri, ndani ya ganda la chuma.

Na huyo muuzaji wako asikubadilishie chapa kwa kufuata namba, kwa maana kwa NGK na Denso namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, ilhali kwa Bosch ni ya moto zaidi. Ukishasoma hizo namba 7, tuletee picha ya ulimi, si ya ncha.