Kipande cha mfuko wa nyongo kilichoachwa

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama alipasuliwa mfuko wa nyongo wiki iliyopita. Tuliambiwa ni matundu manne tu, kesho yake yuko nyumbani. Badala yake alifunguliwa tumbo chini ya mbavu, na sehemu ya mfuko ikaachwa. Sasa ana mpira ubavuni unaotoa maji ya manjano yaliyoelekea ukijani. Je, kazi iliharibika?
Binti wa mgonjwa, Malindi

JIBU: Marahaba. Kwa ulivyoeleza, dada, inaelekea mpasuaji alikataa kubahatisha.

Mfuko umejishikiza chini ya ini, na kijimrija chake huingia kwenye mrija mkuu unaoteremsha nyongo utumboni. Mpasuaji hakati kitu mpaka aone mambo matatu: pembe iliyo kati ya kijimrija na ini imesafishwa mafuta na makovu, theluthi ya chini ya mfuko imebanduliwa kwenye ini, na ni vitu viwili tu vinavyoingia mfukoni, yaani kijimrija na mshipa wa damu. Mfuko ukiwa umevimba mara kwa mara, pembe ile hugandamana, na mrija mkuu huvutwa hadi ukadhaniwa ndio kijimrija. Ukikatwa huo, kuurekebisha ni operesheni kubwa kuliko ya kwanza. Kufungua tumbo nako hakuyeyushi kovu; kunampa tu nafasi ya kupapasa kwa vidole.

Kwa hiyo hukata mfuko juu ya mahali pa hatari, akatoa mawe, akaacha shingo, yaani sehemu ya mfuko inayoungana na kijimrija. Akiishona ikafungika, nyongo huvuja kidogo, ila kijifuko kilichobaki kinaweza kufanya mawe tena miaka ijayo. Akiiacha wazi, kuvuja huwa kwingi zaidi, mawe kurudi ni nadra. Ulizeni alifanya ipi, na iandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa, la sivyo atakayempiga utrasaundi baadaye atashangaa kukuta "mfuko" uliokwisha kutolewa.

Maji ya mpirani ni nyongo hiyo inayovuja; yapimeni kila asubuhi saa ileile, mwandike mililita. Zikipungua siku kwa siku, subirini. Zikigoma, huingizwa kamera kwa mdomo na kuwekwa kijibomba kwenye mrija mkuu, nyongo ipate njia nyepesi ya kwenda utumboni. Si kila hospitali ina kifaa hicho, basi ulizeni mapema mtapelekwa wapi.

Homa, macho ya manjano, choo cheupe, au mpira kukauka ghafla huku tumbo likiuma: rudini siku hiyohiyo. Msiuchomoe wenyewe. Na zile dawa za majani za kuyeyusha mawe, wacheni.