Kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) inawaka kisha inazima ukivuta mafuta

Ndugu yangu wa Bamburi, kama kwadi imelala msimu mzima wa mvua na sasa inawaka bila shida ila inazima ukivuta mafuta, mimi ningeshuku kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) kabla ya kununua plagi mpya. Petroli iliyokaa muda mrefu huacha utando unaoziba vitundu vya jeti, zile njia ndogo zinazopitisha petroli ndani ya kabureta.

Mwaga petroli yote ya zamani, ya tangini na ya kwenye kikombe cha kabureta (kuna skrubu chini yake). Fungua jeti, pulizia dawa ya kusafishia kabureta, na usichokonoe kwa waya: tundu likipanuka, vipimo vyote vimeharibika. Kazi hii ifanyie nje, betri ukiwa umeitoa, mbali na jiko na sigara.

Ukiwa hapo, toa filta ya hewa. Ile ya sponji ifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikaushe kivulini, ipake oili ya filta, ikamue. Mchanga wa pwani ukipita hapo unakula silinda, na hiyo bili hutaipenda.

Baada ya kila safari ya ufukweni osha kwadi kwa maji yasiyo na chumvi, bila kuelekeza presha kwenye beringi, kisha paka cheni mafuta.

Angalia pia oili ya injini. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe kwadi, ita fundi. Na breki zikibonyea hadi mwisho, hilo si la kujaribia nyumbani.