Mastodon na Pixelfed zinavyoongea

Umeuliza inakuwaje mtu wa Mastodon (mtandao wa kijamii wa machapisho mafupi) amfuate mtu wa Pixelfed (mtandao wa kijamii wa picha) bila kufungua akaunti ya pili. Zote mbili zinatumia ActivityPub, itifaki (yaani kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta) iliyoidhinishwa mwaka 2018 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti. Ni kama barua pepe: huulizi mwenzako anatumia kampuni gani, unaandika anwani tu. Huku nako anwani ina jina na seva (kompyuta inayohifadhi akaunti), yaani @jina@seva. Ukibonyeza "fuata", seva yako inaitafuta ile nyingine, inachukua wasifu wa huyo mtu, kisha inapeleka ombi kwenye kikasha chake. Likikubaliwa (mara nyingi seva hukubali yenyewe), kila picha mpya anayoweka inatumwa hadi kwenye seva yako.

Ila hili naomba sana ulishike: nakala za machapisho yako hukaa kwenye seva za wafuasi wako. Ukifuta, seva yako inazipelekea seva hizo ombi la kufuta, lakini haiwezi kuzilazimisha. Usiweke siri huko.

Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, inatumia itifaki nyingine, AT Protocol, kwa hiyo kuiunganisha na Mastodon kunahitaji daraja, yaani huduma ya kuunganisha, kama Bridgy Fed.