Sili ya flaiwili inavuja tena: usigonge mpya kabla hujapima pleyi

Swali: Nina Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1972. Oili inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi, na klachi imeanza kuteleza. Fundi ameshabadilisha sili ya flaiwili (mpira unaozuia oili isitoke kwenye gurudumu zito linalobeba klachi) mara mbili tangu mwaka jana. Safari ya pili aliipaka silikoni, bado inavuja. Sasa nimenunua sili yangu na nataka kuifunga mwenyewe nyumbani. Niigonge vipi ikae sawa, na nitumie silikoni gani? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Silikoni iache dukani. Sili nayo iweke kabatini kwanza, maana namna ya kuigonga ni swali la mwisho. Sili ikishavuja mara ya pili ndani ya mwaka, acha kuilaumu sili. Kuna kitu kinaiua, na hiyo uliyonunua itauawa na kitu hichohicho.

Mtuhumiwa wa kwanza ni pleyi ya krankshafti, yaani ile nafasi ya krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) kwenda mbele na kurudi nyuma ndani ya bloku. Kipimo cha kiwanda ni milimita 0.07 hadi 0.13, na mwisho wa kuvumilia ni 0.15. Mdomo wa sili umetengenezwa kukumbatia kitu kinachozunguka mahali pamoja. Flaiwili ikisukumwa ndani kila unapokanyaga klachi na kurudi nje ukiachia, mdomo unasuguliwa kwa upana usio wake, unaingiza vumbi la klachi chini yake, unaanza kulika. Pleyi hiyo hurekebishwa kwa shimu tatu (pete nyembamba za chuma) zinazokaa nyuma ya flaiwili, katikati ya duara la sili. Kwa hiyo fundi wako alikuwa na shimu mbele ya macho yake safari zote mbili, akazipita, akachukua nyundo. Kosa hili linaonekana kila siku, na halina kisingizio, kwa sababu kazi ngumu ya kushusha injini ilikuwa imeshafanyika.

Anza kupima injini ikiwa bado ndani ya gari. Zima, shika puli ya krankshafti kwa mikono miwili, vuta na sukuma. Pleyi halali huisikii mkononi. Ukisikia "tk, tk", imepita kiasi. Kisha mwambie mtu akanyage klachi huku wewe unatazama puli: ikisogea kuja upande wako kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, huhitaji kipimo kingine kujua kuna kazi.

Ukishashusha injini, usifute kitu. Uchafu ndio shahidi wako. Oili nyeusi ya injini iliyolowesha upande wa flaiwili unaotazama injini inaelekeza kwenye sili, au kwenye kizibo cha kemshafti kilicho chini yake kidogo, ambacho wengi hawakikumbuki. Ikiwa imetawanyika kuanzia kwenye nati ya katikati kwenda nje, kama miale, basi inapita kati ya krankshafti na flaiwili, na hapo oringi (pete ndogo ya kuzuia oili) ya ndani ya flaiwili imechoka au haikuwekwa kabisa. Oringi hiyo ni ya bei ya soda lakini isipokuwepo hata sili ya dhahabu haitakusaidia. Oili yenye harufu kali ya kiberiti inayotoka upande wa giaboksi ni ya gia: sili ya shafti ya giaboksi ndiyo mbovu, na injini umeionea bure. Na kama oili inatoka kwenye flaiwili na kwenye puli pia, shuku ringi za pistoni au bomba la kupumulia lililoziba. Upande wa puli injini hii haina sili ya mpira, ina mifereji ya kurudisha oili ndani tu, na presha ikijaa ndani ya bloku oili hutafuta njia pande zote mbili. Hakikisha pia hujazi oili kupita kiasi. Injini hii inachukua lita 2.5.

Kabla ya kufungua, piga alama flaiwili na presha pleti (bamba linalobana diski ya klachi). Bolti sita za presha pleti zilegeze kidogo kidogo kwa kupishana. Nati ya katikati ni namba 36. Usipokuwa na kifaa cha kuzuia flaiwili, funga chuma cha pembe kwenye matundu mawili ya bolti za klachi, kiegemee sakafu. Tindo na nyundo hapana. Sili ya zamani itoe kwa bisibisi uliyoifunga kitambaa, kwa sababu bloku ni ya aloi ya magineziamu, laini, na mkwaruzo mmoja ndani ya kiti cha sili ni njia ya oili ya kudumu.

Sasa shimu. Shimu ni tatu, si mbili wala nne, na zimechorwa unene wake: 0.24, 0.30, 0.32, 0.34, 0.36 na kadhalika. Usiamini maandishi, pima kila moja kwa maikromita. Zipake oili, weka mbili tu, bila sili na bila oringi, rudisha flaiwili na kaza nati kikweli. Simamisha daili geji (saa ya kupimia msogeo) kwenye bloku, ncha yake iguse flaiwili, sukuma ndani mpaka mwisho, vuta nje mpaka mwisho. Soma. Toa 0.10, kinachobaki ndicho unene wa shimu ya tatu. Mfano: umeweka 0.30 na 0.32, geji inasoma 0.46. Toa 0.10, unapata 0.36. Tafuta shimu ya 0.36, weka zote tatu, kaza, pima tena. Ikisoma karibu na 0.10 umemaliza. Usipokuwa na daili geji, funga kipande cha chuma kigumu kwenye stadi ya injini na bolti inayogusa flaiwili ikiwa imevutwa nje, kisha sukuma flaiwili ndani na pima mwanya kwa fila geji (vibapa vya chuma vya kupimia mianya). Ni polepole, lakini ni kipimo. Shimu ya kukata kutoka kwenye kopo la maziwa si kipimo. Hailingani unene, inasagika, na unga wake unaingia kwenye beringi.

Kabla hujafurahi, shika flaiwili na ujaribu kuinyanyua juu na chini. Ikicheza kwa kuhisika, beringi namba moja imelegea au bloku yenyewe imetanuka pale beringi inapokaa. Hapo shimu haitatibu, na sili haitatibu. Injini inafunguliwa, bloku inapelekwa kwa mchonga vyuma kupanuliwa na kuwekewa beringi za nje kubwa. Ni habari mbaya, najua, ila ni nafuu kuisikia sasa.

Halafu pitisha ukucha kwenye shingo ya flaiwili, pale mdomo wa sili unapogusa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, tafuta flaiwili nyingine au ivishwe pete nyembamba ya kuokoa. Madoa madogo yasugue kwa msasa laini wenye oili, kwa kuzungusha tu. Mistari inayokwenda ndani-nje husafirisha oili kuipeleka nje.

Ndipo tunafika kwenye swali lako. Safisha kiti cha sili, ondoa ukali wa ukingo wa nje wa tundu ili usikate mpira. Kwenye ukuta wa kiti tu unaweza kupaka utando mwembamba wa dawa ya gasketi, wa kuona rangi kwa shida. Mdomoni oili ya injini, basi. Weka shimu zote tatu, kisha sili, upande wenye springi ukitazama ndani. Na usiigonge. Chukulia sili ni uso wa saa: ukigonga saa kumi na mbili inanyanyuka saa sita, unagonga saa sita inatoka saa tisa, mwisho unaipinda. Ivute: chukua bamba bapa la chuma au mbao ngumu lenye tundu katikati, pitisha nati ya flaiwili, kaza robo mzunguko, kagua pande zote nne, kaza tena. Iende mpaka ikae kwenye ngazi ya ndani ya kiti. Ikibaki imechomoza hata upande mmoja, flaiwili itaisaga ndani ya safari ya kwanza.

Oringi mpya ndani ya flaiwili. Grisi kidogo sana kwenye beringi ndogo iliyo ndani ya nati. Kisha nati: Nm 343. Toki renchi (spana zinazopima nguvu ya kukaza) za mtaani nyingi hazifiki huko, lakini hesabu ni rahisi: mtu wa kilo 70 akiweka uzito wake wote, bila kuruka, sentimita 50 kutoka katikati ya nati, bomba la kurefusha spana likiwa limelala sawa na sakafu, ndiyo hiyo. Nati iliyokazwa "kwa uzoefu" hulegea, pini nne zinazounganisha flaiwili na krankshafti hupanua matundu yake, na flaiwili pamoja na krankshafti huenda chakavu. Presha pleti ni Nm 25. Diski iliyolowa oili nunua nyingine. Kuiosha kwa petroli na kuichoma moto hukupa wiki chache za klachi, kisha inarudia kuteleza.

Kuna ushauri mwingine utakaopewa ukianza kazi hii: weka oili nzito, au chupa ya dawa ya kuzuia uvujaji. Kwenye injini hii oili nzito ni hasara mara mbili. Inachelewa kufika kwenye beringi, na presha yake hufungua vali inayoiruhusu kurudi bila kupita kwenye kipozeo. Yaani kwenye injini inayopozwa kwa hewa na oili, unakuwa umepunguza upozaji ili kuficha tone sakafuni. Dawa ya chupa hufanya mpira uvimbe na kulainika. Tone linakauka, gari linauzwa, anayefuata ndiye anayelipa.

Na haya hayaishii kwa Beetle. Land Rover Series hubadilishiwa sili za tufe la kugeuzia magurudumu ya mbele kila mwaka huku tufe lenyewe limejaa vidonda vya kutu, na hakuna aliyelipapasa kwa kidole. Peugeot 504 huwekewa gasketi ya silinda hedi juu ya gasketi bila mtu kuweka rula kuona kama laina (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) zimezama. Fundi akikuambia ameshabadilisha spea ileile mara mbili, usimuulize atatumia spea ya nchi gani safari ya tatu. Muulize alipima nini, na ilisoma ngapi. Asipokuwa na namba ya kukutajia, chukua funguo za gari lako.