Maswali ya Wasomaji: Barabara, Ruzuku na Kazi za Vijana

SWALI: Mhariri, mimi nimeajiriwa katika duka la jumla hapa Nairobi na kila mwezi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya ushuru wa nyumba. Sikuwa na kinyongo, kwa sababu mpwa wangu alikuwa amepata kibarua katika mjengo mmoja wa serikali. Baada ya miezi michache mwanakandarasi aliwaambia vibarua wakae nyumbani mpaka atakapolipwa, na hawajaitwa tena. Je, fedha ambazo serikali humwaga katika barabara na majengo huleta kazi kweli, au ni kazi za kupigiwa picha? Na kwa nini zisipewe viwanda kama ruzuku?
– Msomaji, Pipeline, Embakasi

JIBU: Ndugu msomaji, kazi huletwa, ila idadi inayotangazwa siku ya kuweka jiwe la msingi haikuambii kazi hizo zitadumu muda gani, wala zitamfikia nani. Kibarua cha mjengoni kwa kawaida yake ni cha muda: jengo likiisha, nacho kimeisha. Ndiyo maana mtu anayetaka kuupima mradi kwa haki hana budi kutazama nje ya ua wa mabati, aulize saruji, nondo, milango na madirisha vimenunuliwa wapi, na ujira wa Ijumaa umetumika kwa nani. Shilingi inayolipwa kwa fundi wa Gikomba aliyeunda mlango huenda kwa muuza mbao, kisha kwa mwenye lori, kisha kwa mama anayewauzia wote hao chapati na maharagwe. Lakini shilingi iliyonunua mlango uliokuja kwa meli imekwisha kuondoka nchini kabla ya mlango kupachikwa. Kwa maoni yangu, mpango wa kuwapa mafundi wa jua kali kazi ya milango na madirisha ya nyumba za gharama nafuu una manufaa kuliko hotuba nyingi zilizotolewa kuhusu nyumba hizo, mradi tu mafundi hao walipwe kwa wakati.

Miradi mikubwa tuliyo nayo inaonyesha tofauti hiyo. Barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, iliyokamilika mwaka 2012, ilijengwa na kampuni za China, na vibarua wake wametawanyika zamani. Hata hivyo maduka, nyumba za kupanga na biashara zilizoota kutoka Roysambu hadi Ruiru zimeendelea kuajiri watu. Reli ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina upande ambao hausemwi sana: shehena ilipoelekezwa kwenye reli, madereva wa malori, pamoja na wenye hoteli na gereji za Mariakani na Mtito Andei, walipoteza riziki. Mradi unaweza kutoa kazi mahali pamoja na kuzing'oa pengine, na hesabu ya uaminifu huzitaja zote mbili.

Hata namna ya kujenga ni uamuzi. Mwaka 1974 Kenya ilianzisha mpango wa barabara za vijijini ambao kwa makusudi ulitumia majembe, sururu na mikono ya wenyeji pale ambapo tingatinga lingeweza kutumika, ili sehemu kubwa ya fedha iishie katika ujira. Njia hiyo haifai kwa barabara ya juu kama ile ya Mlolongo hadi Westlands, lakini kwa mitaro, vijia vya waenda kwa miguu na barabara za mitaani kama kwenu Pipeline, sioni sababu ya kutoifuata.

Sasa nije kwa mpwa wako, kwa maana hapo ndipo penye kidonda. Mwanakandarasi huanza kazi kwa mkopo wa benki akitarajia kulipwa na serikali. Malipo yakichelewa, riba humlemea, na wa kwanza kuachishwa ni kibarua asiye na mkataba wa maandishi. Madeni ya barabara yalifikia kiwango ambacho mwaka 2025 serikali iliamua kuweka rehani shilingi 7 kati ya shilingi 25 zinazotozwa kila lita ya mafuta kwa ukarabati wa barabara, ili ipate takriban shilingi bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi. Maeneo mengi ya ujenzi yaliyokuwa yamelala yaliamka, lakini fedha za ukarabati wa miaka ijayo ndizo zilizotumiwa kulipia kazi ya jana. Kuanzisha miradi kumi na kukamilisha miwili huajiri watu wengi kwa majuma machache. Mimi ningechagua mitatu iliyolipiwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu viwanda, ruzuku vinazo tayari, ingawa haziitwi hivyo. Tangu sheria ya mwaka 1990, kampuni zilizo katika maeneo ya EPZ, yaani maeneo maalum ya viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuza nje ya nchi, kama lile la Athi River, husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10 ya mwanzo. Zimeajiri maelfu ya washonaji, wengi wao wanawake. Kasoro ya msamaha wa namna hii ni kwamba hutolewa kwa kampuni kuwepo, wala haufungwi na idadi ya watu inaowaajiri au kiwango cha ujira wao.

Ruzuku pia hutofautiana kwa kazi inayofanya. Ile ya unga ya mwaka 2022, iliyoshusha pakiti ya kilo mbili hadi shilingi 100, iliokoa meza za jikoni kwa majuma machache lakini haikuongeza ajira. Mbolea ya ruzuku ya shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, ikimfikia mkulima kabla ya mvua na ikiwa mbolea ya kweli, huongeza mavuno, na mavuno yanahitaji wavunaji, wabebaji na wasagaji.

Mwambie mpwa wako asichoke kudai ujira wa siku alizofanya kazi. Kutokulipwa kwa mwajiri wake hakumwondolei haki hiyo, na malalamiko hupokelewa katika ofisi ya leba bila kuhitaji wakili. Aende na majina ya wenzake waliokuwa naye mjengoni, na ujumbe wowote wa malipo ya M-Pesa alionao.